Presha kuka ya umeme: ni sufuria ipi inayomaliza LUKU?

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Tangu hapo presha kuka za umeme zinanadiwa kila kona, na ubishi umepamba moto. Kuna wanaoapa kwamba umeme sasa ni nafuu kuliko mkaa. Kuna wengine, hasa waliopanga vyumba, wanaosema anayepika kwa umeme anakula LUKU ya wenzake. Wote wana hoja, ila wanazungumzia majiko mawili tofauti kana kwamba ni jiko moja.

Chukua jiko la kawaida la pleti, lenye wati 1,500. Ukilitumia kwa moto wote saa mbili kwa siku, umekula uniti 3, na kwa mwezi uniti 90. Mteja wa daraja la D1, yule wa matumizi madogo, kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Ina maana jiko hilo peke yake limeshamtoa kwenye bei nafuu kabla hajawasha hata taa. Anayelalamika kwamba umeme wa kupikia unafilisi, mara nyingi ndicho kilichomkuta, na ana haki ya kulalamika.

Presha kuka ya wati 1,000 inafanya kazi kwa namna nyingine. Mfuniko umefungwa, mvuke hautoki, kwa hiyo joto la maji linavuka nyuzi 100 na maharage yanaiva ndani ya muda usiofika saa moja. Ubavuni ina ukuta wa kuzuia joto lisipotee. Presha ikishajaa, umeme unajikata, kisha unarudi kidogo kidogo kushikilia joto. Ndiyo maana chungu cha maharage mara nyingi hakimalizi hata nusu uniti. Kwa mteja wa bei ya kawaida, anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo haifiki shilingi 180. Hata ukipika hivyo kila siku, kwa mwezi ni kama uniti 15. Nyumba ya taa, televisheni na kuchaji simu inaweza kuzibeba na bado ikabaki D1. Mkaa wa kuivishia makande tangu asubuhi mpaka mchana hauwezi kushindana na hapo, na mpishi wa mkaa anajua moshi na majivu yake.

Kwa hiyo swali la kwanza si umeme au gesi. Jiulize ni sufuria ipi nyumbani kwako inayokaa motoni muda mrefu kuliko zote. Kama ni maharage, makande, kande za choroko, utumbo au nyama ngumu, presha kuka itakulipa. Kama nyumba yenu inaishi kwa ugali, mchicha na dagaa, sioni sababu ya kuinunua. Mboga za dakika kumi hazina cha kuokoa, na ugali unataka sufuria inayotulia ukiukandamiza kwa mwiko. Sufuria ya ndani ya presha kuka inazunguka, na ile yenye rangi nyeusi ya kuzuia chakula kushika inachubuka. Chapati ndiyo usiseme. Gesi itabaki na kazi yake.

Hoja ya wapangaji nadhani ndiyo nzito kuliko zote, na wanaohamasisha wanaipita haraka mno. Nyumba ya vyumba sita ina mita moja, na kila mmoja anachanga kiasi kilekile. Mama wa chumba cha nne akileta presha kuka, jirani hahesabu nusu uniti. Anachoona ni kwamba umeme umeisha tarehe 20. Baba mwenye nyumba naye anapiga marufuku pasi, hita na majiko yote kwa pamoja. Ukimwonyesha hesabu anaweza kukuelewa, lakini ugomvi wa uani hauishi kwa hesabu. Palipo na mita ndogo kwa kila chumba jambo hili linakwisha lenyewe. Pasipo nayo, mtungi wa gesi wa kilo 6 una amani zaidi, japo unadai fedha yote kwa mkupuo wakati LUKU unaweza kuinunua kwa shilingi elfu moja moja.

Ladha nayo ina watetezi wake. Wanasema maharage ya presha yana maji na hayana utamu wa yale yaliyochemka taratibu. Ni kweli kama umeyatupia kila kitu kwa pamoja: mvuke hautoki, mchuzi haupungui. Yaivishe kwa maji na chumvi kidogo, na yasivuke nusu ya sufuria, kwa sababu povu na maganda huziba tundu la mvuke. Kisha fungua, weka kitunguu ulichokaanga, na tui la nazi liingie mwishoni mfuniko ukiwa wazi. Tui likipigwa presha hukatika.

Jiko la indaksheni linapendeza, lakini sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi juu yake. Nenda na sumaku. Isiponata kwenye kitako cha sufuria, ujue utanunua na sufuria mpya. Raisi kuka sioni haja yake kwa mwenye presha kuka, kwa kuwa wali unaiva vizuri mle mle.

Ukiamua kununua, ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni ya waya mwembamba inayobeba friji na televisheni. Na kabla hujalipa, mwulize muuzaji kama ana mpira wa mfuniko wa akiba wa saizi hiyo hiyo. Mpira ndio huchoka mapema, na ukilegea presha haijai tena. Kama hauuzi, tafuta duka linalouuza, hata kama presha kuka ya pale imezidi bei kidogo.