Printa Iko Nyuma ya Plaiwudi

Kati yangu na printa kuna hatua nne na ukuta wa plaiwudi. Asubuhi naisikia ikiamka: inakoroma, inasafisha koo, kama mzee anayejiandaa kuongea kwenye kikao cha ukoo. Sasa iulize kompyuta yangu printa iko wapi. Inatafuta weee, kiduara kinazunguka, halafu inakujibu hakuna printa iliyopatikana. Hakuna! Na muda huohuo ng'ambo ya plaiwudi nasikia ikitema kadi za mchango wa harusi ya binamu yake dada wa mapokezi, kadi sitini, za rangi, wino wa ofisi.

Zamani tulikuwa familia moja. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, vyumba viwili, ghorofa ya pili. Rauta ilikuwa moja, iko mapokezi, na printa moja tunayoigombania kwa amani. Kosa lilianza pale Mama Uhasibu alipolalamika kuwa Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma, mpaka ausimamishe mkono na simu kama anayeomba kuongea bungeni. Bosi wetu, ambaye kiti kikivunjika mguu anakwambia ukiegemeze ukutani, siku hiyo sijui alikula nini. Jioni ileile kaleta kijana na rauta mpya kwenye mfuko wa kaki.

Kijana akachomeka waya uliotoka rauta ya mbele, taa zikawaka, Wi-Fi ikajaa mistari yote, akapewa chake akashuka ngazi. Waya kauchomeka tundu gani, nani aliuliza? Wewe ungeuliza?

Kumbe kauchomeka lile tundu la bluu lililokaa peke yake, la kupokelea intaneti kutoka nje. Ukichomeka hapo, rauta mpya inajiona nayo kaya inayojitegemea, inaanza kugawa anwani zake yenyewe, zile namba zinazokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Mapokezi wakabaki 192.168.1, sisi wa nyuma tukawa 192.168.0. Tofauti yetu ni moja na sifuri! Na kila upande una nafasi 254. Yaani kompyuta sita, simu za watu na printa moja tumegawiwa nafasi 508, na bado hatuonani.

Maana kompyuta ikitafuta printa huwa inapiga kelele tu: jamani, kuna printa hapa? Kelele zikifika kwenye rauta zinaishia hapo, haivushi makelele ya mtaa mmoja kwenda mtaa mwingine. Ukitaka kuvuka uwe na anwani kamili mkononi. Ni kama kwenda ofisi ya serikali: ukisema namtafuta yule bwana mnene mwenye kipara, utakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Miezi mitatu nimeishi kwa flashi. Ofisi nzima ina flashi moja, imefungwa uzi mwekundu ili isiibwe, na kila siku inatafutwa. Lori limesimama bandarini linasubiri karatasi moja, mimi nazunguka korido na flashi mkononi, nafika mapokezi, namkuta dada anaongea na fundi cherehani kuhusu sare za harusi, nasubiri. Nikirudi, flashi imeshapata mafua. Folda zote zimegeuka shotikati, ukibofya hakifunguki kitu, na mafua yenyewe sasa yamehamia kwenye kompyuta yangu.

Aliyenionea huruma ni kijana wa intaneti kafe hapo chini. Alikuja na chapati mkononi, akaibonyeza printa kitufe ikatoa ukurasa wa habari zake, akaniambia, "Broo, soma hapo." 192.168.1.50. Tukarudi kwangu, tukaacha kutafuta kwa kelele, tukaiongeza printa kwa anwani. Nikatuma ukurasa wa majaribio. Kimya. Kisha ng'ambo ikakohoa, na sauti ya dada ikapenya plaiwudi: "Hii yenye nembo ya madirisha ni ya nani?"

Nilipiga kigelegele. Mwanaume mzima.

Furaha ilidumu siku nne. Umeme ulikatika, uliporudi rauta ya mbele ikagawa anwani upya kama pilau la msiba, anayewahi anapata. Printa, ambayo huchukua muda kuamka, ikakuta 50 imeshachukuliwa. Nusu saa nzima nimeituma ankara ya mteja, haitoki. Kijana wa kafe akaja kuangalia: 50 ilikuwa simu ya bodaboda aliyeleta chipsi, kakaa mapokezi anasubiri chenji. Nilikuwa namprintia mtu wa boda kwenye simu!

Tena printa ndiyo ilikuwa nafuu. Mafaili ndiyo balaa. Sisi wa nyuma tukiwa na anwani tunaweza kwenda mbele, lakini wa mbele hawawezi kuja kwetu. Rauta yetu inawatoa watu wake bila shida, ila mgeni akibisha hodi haijui anamtaka nani, inamwacha nje. Kwa hiyo bosi, aliye mbele, akawa anakuja kusimama mlangoni kwangu.

"Lile faili la makontena liko wapi?"

"Lipo hapa, mkuu."

"Mbona silioni?"

Utamwambiaje mtu anayekulipa mshahara kwamba amefungiwa nje ya ofisi yake na kirauta cha bei ya kuku watatu? Nikawa nasema mtandao leo mzito. Na nisiwe mnafiki, raha yake ilikuwepo. Unafunga mlango, unaandika mambo yako, hakuna wa kuchungulia.

Wiki iliyopita bosi akachoka, akaleta fundi mwingine, mzee wa makamo, hana hata begi. Akaizuia rauta mpya kugawa anwani, akaipa namba ya ukoo wa mbele, akachomoa waya tundu la bluu akauchomeka la manjano, jirani yake. Printa akaipa anwani ya kudumu, umeme ukatike usikatike ni yake. Elfu thelathini. Nimepima kwa rula, waya umehama sentimita mbili. Elfu kumi na tano kwa kila sentimita, na bosi akalipa anacheka.

Akanigeukia. "Kijana wangu, folda gani tuishirikishe na wenzako?"

Mimi akili iko kwenye lori la bandarini. "Zote tu, mzee."

Jumatatu naingia, nakuta karatasi juu ya kibodi, imeprintiwa kwa rangi. Ni barua yangu ya kuomba kazi kampuni nyingine. Pale nilipoandika kwamba katika ofisi yangu ya sasa mimi ndiye mtaalamu wa mambo ya mtandao, bosi amezungushia wino mwekundu, na pembeni ameweka alama tatu za kuuliza.