Ahadi za pensheni nazo ni matumizi

Mwandishi wa makala ninayoyajibu hapa ameeleza vyema jinsi miji midogo inavyojitia katika madeni kwa kujenga majengo ya fahari, lakini nadhani amepita haraka mno kwenye matumizi yaliyo hatari zaidi, yaani ahadi zinazotolewa leo ili zilipwe na madiwani wa miaka 20 ijayo. Mji wa Central Falls, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, uliokuwa na wakazi wapatao 19,000 tu wakati huo, ulifungua shauri la ufilisi Agosti 2011, na kilichouelemea zaidi kilikuwa pensheni na bima ya afya ya wastaafu, deni la takriban dola milioni 80 lisilotengewa fedha, ilhali bajeti ya mwaka mzima haikufika hata dola milioni 20. Baadhi ya polisi na wazimamoto wastaafu walipunguziwa pensheni zao kwa kiasi kilichofikia asilimia 55. Wenye hati fungani, yaani wawekezaji walioukopesha mji fedha, walilipwa kikamilifu, kwa kuwa jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kuwatanguliza wiki chache tu kabla ya shauri hilo. Vyama vya wafanyakazi vilidai mengi, nakubali, ila waliotia saini mikataba iliyoahidi pensheni hizo walikuwa viongozi wa mji wenyewe.