Mwendo wa kuongea

Mwaka jana nilimkatiza mama mmoja katikati ya ushuhuda wake kuhusu ukatili wa vita. Alikuwa ametoka Walungu alfajiri, akakaa mbele yangu na kitenge chake, na mimi nikamwambia: “Mama, fupisha kidogo.” Akanyamaza. Akasema atarudi siku nyingine. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimesikiliza simulizi za aina ile hadi sikio langu likafa ganzi, na mtu anayepokea ushuhuda kwa sikio la namna hiyo anaumiza mara ya pili.

Kutetea haki za binadamu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni kazi ya masafa marefu. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ilitoka 2010, ikiwa na matukio 617 ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, na walionusurika bado wanadai mahakama ya kuyahukumu. Aliyeanza kudai akiwa kijana leo ana mvi. Hata hivyo tunaishi kana kwamba kesi itaamuliwa Ijumaa hii: simu usiku kucha, vikao bila chakula, na anayeomba wiki moja apumzike anatazamwa kama msaliti. Hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Mbio nilifundishwa na jirani. Tulikuwa tukitoka Nyawera, tunateremka Muhumba hadi karibu na ziwa, kisha tunapanda tena. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ukianza kwa pupa mlima wa kwanza unakumaliza. Alinipa sheria moja: kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima, ukishindwa, punguza. Na siku ya kupumzika usiiruke, maana misuli hujijenga mtu akiwa amelala. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, sitoki tena kabla ya jua. Siku nyingine napanda na kushuka ngazi za uani tu.

Jioni nakaa kimya dakika kumi na tano. Ni sala ya zamani ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la kitawa la Wajesuiti: unaipitia siku yako tangu asubuhi, unashukuru, unatazama ulipokosea, unaomba msamaha, unajiandaa kwa kesho. Katika kimya hicho sura ya yule mama ilinirudia kila siku, hadi nikakubali kwamba nimechoka.

Wenzangu wengine wanasema kukaa kimya ni kuwaacha watu. Mimi namkumbuka Christophe Munzihirwa, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Alikuwa Mjesuiti, amelelewa katika sala hiyohiyo. Vita ilipokaribia aliandika akiomba dunia iwalinde watu, akabaki mjini nao, akauawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Nikipita pale nikikimbia, natembea.

Sala na mbio haviponyi kila kitu. Aliyejeruhiwa rohoni anahitaji mshauri nasaha, na mashirika yanayotutuma vijijini kukusanya machungu ya watu yana wajibu wa kugharimia huduma hiyo, sawa na wanavyogharimia mafuta ya gari.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Nilizima simu. Alipofika pale nilipomkatiza, alinyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza naye. Kisha akaanza upya, kwa jina la mtoto wake.