Kikoi Hakikuanguka, Kilishuka

Kwanza kabisa, kikoi hakikuanguka. Narudia kwa faida ya kundi la mtaa, kundi la shule na lile la harusi ya binamu yangu ambalo sijui hata ni nani alinitia: hakikuanguka. Kilishuka. Rafiki yangu, mwenye mdomo kama spika ya matatu, kawasambazia zile sekunde za mwisho tu za video, na chini kaandika "Bwana harusi avua nguo mbele ya baba mkwe." Tangu jana simu yangu haijapumua. Sasa sikilizeni ya mwenyewe.

Wakwe walikuwa waje kula mchana kwa nyanya, Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa. Mimi nilitaka tuagize biriani kwa simu. Bodaboda yaja mpaka mlangoni, hakuna wa kuosha sufuria, kila mtu kapumzika. Nyanya akaniangalia kwa muda. "Wakwe zako wapikiwe na mtu wa pikipiki?"

Nikashusha bei. Basi walau tui la pakiti, nyanya, wakata ncha wamimina, hata mahoteli makubwa yatumia hilo. Akasema lile halinuki nazi, lanuka duka. Hapo ndipo nikajitia usomi. Nikamwambia hivi vyakula mnavyoviita vya asili navyo vilikuwa vigeni siku moja. Muhogo na pilipili asili yake ni bara la Amerika, Wareno ndio waliovivusha bahari. Chapati nayo imetoka Bara Hindi. Kwa hiyo pakiti nayo tuipe muda, itakuwa ya asili.

"Hao Wareno wakikuna nazi?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Haya, shika mbuzi."

Nyinyi wa bara mlionijazia maswali tangu asubuhi: mbuzi ni kile kiti kifupi cha mbao mbili zilizopishana, chafunguka na kujikunja, na mbele kina ulimi wa chuma wenye meno. Wakikalia, washika kifuu kwa mikono miwili, wakizungusha kwenye meno, nazi yaanguka kwenye sinia kama mvua. Hiyo ni kwa anayejua. Kwangu iliruka mpaka kwenye nyusi. Mbuzi ya nyanya imechakaa hivi kwamba Wareno walipokuja kujenga Fort Jesus mwaka 1593 nadhani waliikuta hapo uani.

Na hapa niseme jambo, mnitukane mkitaka. Hawa watu wanaotuma picha ya wali wa nazi na kuandika "tumepoteza mapishi ya bibi zetu", wengi hawajawahi kukalia mbuzi. Wamekalia mkeka, wakaletewa. Nazi moja ya kwanza bega langu lilikuwa bado la kwangu. Ya pili lilikuwa la mtu mwingine. Na zile nazi hazitoshi kukunwa: zakamuliwa tui la kwanza likawekwa kando, zatiwa maji tena lipatikane tui jepesi la kuchemshia mchele, halafu lile zito laja mwisho, sufuria yafunikwa na kupaliwa makaa juu. Mchuzi nao una tui lake, na hulikorogi vizuri lakatika. Asubuhi nzima ya mtu imeishia kwenye tonge.

Nyanya mwenyewe yuko jikoni, hanioni, lakini asikia. "We mwana! Umefika kwenye kifuu!" Kweli nilikuwa nimefika. Sauti ya meno yabadilika ikigusa ile ngozi ya kahawia, na ukiipitiliza tui lageuka rangi. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Yeye aisikia kupitia ukuta, na redio yawaka.

Basi. Hodi.

Ilikuwa ni sauti ya mzee, babake mchumba wangu, saa nzima kabla ya wakati. Nikainuka kwa adabu zote nilizofunzwa. Mbuzi nayo ikainuka.

Naomba mnielewe hapa polepole. Kule kukaa na kuyumba, pindo la kikoi lilikuwa limeingia katikati ya zile mbao. Nilipotoa uzito wangu, mbao zikajikunja, zikaling'ata. Nilihisi mvuto nyuma, nikadhani ni nyanya ananizuia. Nikapiga hatua. Ule ulimi wa chuma ukanipiga nyuma ya goti. Mzee keshaingia uani, kanzu nyeupe, kofia ya vito, bakora mkono wa kushoto na wa kulia ameshaunyosha. Mkono wangu wa kulia una nazi mpaka kiwikoni. Wa kushoto umeshika fundo la kikoi. Hebu wewe unayecheka, ungefanyaje? Kumpa mzee mkono wa kushoto haiwezekani. Kutompa kabisa ni kuvunja posa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," na nazi ikamminyikia katikati ya vidole, naiona.

Nikajaribu kuisukuma mbuzi kwa nyuma na mkono wa kushoto, bila kugeuka, huku natabasamu. Fundo likabaki peke yake. Likafikiria kidogo. Likalegea. Kikoi kikaanza safari kiunoni, kikapita nyonga, nikabana magoti kwa nguvu zangu zote, na hapo magotini, wallahi, kikasimama. Kilisimama! Ndani nilikuwa na bukta ya timu, namba 9 pajani. Mama mkwe akageukia ukutani akaanza kusoma kalenda ya mwaka jana, mwezi baada ya mwezi. Mzee bado amenishika mkono.

"Huyu ndiye apikae leo?"

Nyanya akatoka jikoni na upawa wake, akatazama mbuzi inayoning'inia, akatazama bukta, akatazama sinia.

"Ndiye. Nazi isimwagike."

Na nyuma ya mlango, badala ya kuja kunifungua, rafiki yangu yule ashika simu.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikakomboka, nikavaa suruali, tukala: wali, mbaazi, samaki wa kupaka. Sinia moja la wanaume, kwa hiyo nilikaa uso kwa uso na mzee, kila mtu na upande wake. Akaongezewa mara mbili. Akauliza tui zuri hivi limekunwa na nani, na nyanya kutoka ndani akajibu, "Mimi, baba." Mchumba wangu alipokwenda kabatini kutafuta birika akakuta brenda, na machicha makavu yamegandia visuni. Nyanya akasema hiyo ni ya siku ambazo hakuna wageni.

Tangu jana mchumba wangu amenitumia ujumbe mmoja tu. Babake auliza yule namba 9 wangu bado achezea timu ile, au ameshauzwa. Sijajibu.