Mashine Haina Kosa: Kuchi Safi Huanzia Bandani

Hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, mashine ndogo za kutotolesha mayai ya kuku zimeingia kwenye nyumba nyingi, na lawama zimeingia nazo. Mtu anaweka mayai 56, anatoa vifaranga 20, anasema mashine ni mbovu. Kwa maoni yangu mashine inasingiziwa mara nyingi. Mayai mengi yanakuwa yameshapotea kabla hayajafika kwenye trei. Na kwa anayetafuta mbegu safi, hata vifaranga waliototolewa wanaweza kuwa hasara, kwa sababu aliyelipiwa ni kuku wa kuchi na aliyetoka siye.

Kuroiler na Sasso ni kuku chotara. Mayai yao yatatoa vifaranga, lakini watoto hawatashika sifa za wazazi: mmoja atakua upesi, mwingine atadumaa, na utagaji hautatabirika. Kuchi, yule kuku wetu mrefu mwenye shingo iliyosimama, upanga mdogo kichwani na manyoya machache kifuani, akikutana na kuchi mwenzake anazaa kuchi. Ndiyo maana naona yeye ndiye anayestahili jasho la kutotolesha nyumbani.

Shida ni kwamba tetea akishapandwa hubaki na mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Kuku wetu wa milimani, kwenye nyumba zilizobanana kati ya mawe, wanachangia uwanja na kuku wa jirani. Jogoo wa mtaani akiingia mara moja tu, mayai ya siku nyingi yametiwa shaka. Watenge matetea na jogoo mmoja kwenye banda lililofungwa, pamoja na paa la wavu, kisha subiri wiki 3 kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha. Yanayotagwa katika wiki hizo yapelekeni jikoni. Anayeuza "mayai ya kuchi" kutoka kwa kuku wanaozurura anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu mama, ila baba hamjui.

Jogoo mmoja kwa matetea 6 hadi 8 anatosha, maana kuchi dume ni mzito. Awe ameshakomaa, si kijana anayejifunza kuwika. Manyoya yakiwa yamesongamana kuzunguka tundu la haja, yapunguze kwa mkasi, kwa jogoo na kwa tetea, kwani huzuia upandaji. Lishe nayo ina neno lake. Chakula cha kuku wa mayai ya biashara kimetengenezwa ili yai litagwe, hakikukusudia kifaranga aishi ndani yake. Wazazi wanahitaji vitamini zaidi, hasa A, E na B2. Wapeni mchicha au mlonge kila siku, dagaa waliosagwa kwa kiasi, na vitamini za maji wiki mbili kabla ya kukusanya. Dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni ni chakula kizuri, lakini wale walioanikwa chini wana mchanga mwingi. Chekecha kwanza, la sivyo unalipia mchanga kwa bei ya protini.

Kuchi hatagi sana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mwenye matetea wanne anataka kujaza mashine ya mayai 56, kwa hiyo anakusanya kwa wiki tatu. Yai likipita siku 7 uwezo wake wa kutotoka unaanza kushuka, na likikaa kwenye chumba chenye joto la Mwanza linashuka upesi zaidi. Mahali pazuri ni nyuzi 15 hadi 18. Ukikosa, tumia chumba chenye kivuli na sakafu ya saruji, ncha nyembamba ya yai ikiangalia chini. Mayai 14 ya wiki moja yana uhakika zaidi kuliko 40 yaliyochakaa. Usiyaoshe, yenye kinyesi yaache. Andika tarehe na alama ya tetea kwa penseli.

Mayai yaliyotoka Ukerewe kwa chombo cha majini, au Sengerema kwa bodaboda, yametikiswa. Yapumzishe saa 12 hadi 24 kwenye trei, ncha nyembamba chini, ndipo uyaweke. Ukiyamulika kwa tochi ukaona chumba cha hewa (ile nafasi tupu upande wa ncha nene) kinacheza huku na huku, ujue ni athari ya safari.

Sasa mashine yenyewe. Yenye feni iwe nyuzi 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni, pima usawa wa juu ya mayai, na hapo lenga 38.5 hivi. Usiamini namba inayowaka mlangoni. Kipimajoto cha homa cha duka la dawa ni cha uhakika kwenye kiwango hichohicho, kwa hiyo kilaze kati ya mayai na ulinganishe. Washa mashine siku nzima kabla ya kuweka mayai. Kipima unyevu nacho kijaribiwe: weka chumvi iliyoloweshwa kidogo hadi iwe kama uji mzito kwenye kifuniko cha chupa, ifunge pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na uache usiku mzima. Kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, kila mara ongeza 7.

Siku 18 za kwanza unyevu uwe kati ya 45 na 55, lakini mimi nautegemea zaidi mzani wa jikoni. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Trei ya mayai 30 iliyoanza na gramu 1,500, bila kuhesabu trei, iwe karibu 1,430 siku ya 7 na karibu 1,320 siku ya 18. Msimu wa masika, hewa ya ziwani ikiwa nzito, mara nyingi hakuna haja kabisa ya kuweka maji kwenye mashine hadi siku ya 18. Watu wanajaza kwa sababu kijitabu kimesema, chumba cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga anafia ndani akiwa amevimba. Mwezi wa saba hewa ikikauka mambo yanageuka. Mzani utakwambia.

Kugeuza kwa mkono iwe mara 3 au 5 kwa siku, hesabu isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliokaa juu usiku mmoja uwe chini usiku unaofuata. Siku ya 7 mulika gizani: mishipa kama miguu ya buibui ni uhai, duara la damu ni kifo, na lililo wazi halikuwa na mbegu au lilikufa mapema mno. Yaondoe yaliyokufa kabla hayajapasuka na kuchafua mengine.

Umeme ukikatika, usifungue. Funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na weka chupa za maji ya moto pembeni ikiwa katizo ni refu. Mayai ya siku za mwanzo yanavumilia kupoa kuliko watu wanavyofikiri. Joto kupita kiasi ndilo linaloua haraka, na hasa baada ya umeme kurudi, mtu anapopandisha nyuzi ili "kufidia". Hakuna kufidia.

Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu hadi 65 au 70, fungua matundu ya hewa, kisha usiufungue mlango tena. Kifaranga anaweza kutoboa ganda na kupumzika saa 12 hadi 24 kabla ya kuendelea. Kila unapofungua ili kumsaidia mmoja, unyevu unaanguka na utando unawakaukia wenzake kama gundi.

Baada ya siku 22, pasua yote yaliyobaki. Najua harufu inakatisha tamaa, lakini humo ndimo majibu yalimo. Mengi kuwa wazi maana yake turudi kwa jogoo au kwenye kuhifadhi. Waliokufa siku za kwanza wanaelekeza kwenye mayai ya zamani au joto lililoyumba. Waliokamilika wakafia ndani wanazungumzia unyevu, hewa au lishe ya mama. Waliototoka mapema wakiwa na vitovu vyenye damu walizidiwa joto. Waliochelewa na kulegea walipungukiwa.

Bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, haina maneno mengi: nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, punguza 3 hivi kila wiki, na uangalie wanavyojipanga kuliko kipimajoto. Juu ya maranda weka karatasi isiyoteleza siku 3 za mwanzo, maana gazeti laini linawapanua miguu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, vifaranga na watu. Kuchi hugombana wakiwa bado wadogo, kwa hiyo wape nafasi mapema. Kideri (mdondo) ndiye adui mkubwa: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, siku ya 7 na ya 21, kisha kila baada ya miezi 3. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, siku ya 14 na 28. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko vifaranga wako, kwa hiyo panga siku na majirani mgawane gharama.

Mabinti wabakishe, jogoo mbadilishe kila mwaka. Baba akipanda binti zake, vizazi vichache tu utotolewaji unashuka na mashine inaanza kulaumiwa upya. Tafuta mfugaji wa Magu au Misungwi mwenye damu nyingine, mbadilishane dume kwa dume, na kila mmoja aandike jogoo alitoka kwa nani na lini. Akifika, mtenge peke yake wiki 2 hadi 3 kwanza, ndipo aingie kwa matetea.