Mshale wa Katniss na ngome ya Mkunguni

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 19 na hakubali kwamba kuna filamu ya uasi kuipita The Hunger Games. Juzi alinikalisha darini, kompyuta juu ya kiti cha kamba, upepo wa kusi ukitupigia shuka zilizoanikwa, tukazimaliza zile nne za kwanza kwa usiku tatu. Tangu hapo hatujaacha kubishana.

Kwa asiyeijua: nchi inaitwa Panem, mji wa watawala unaitwa Capitol, na wilaya 12 zinafanya kazi ili mji huo ule na uvae. Wilaya ziliwahi kuasi zikashindwa. Adhabu yake ni kwamba kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18. Wote 24 wanafungiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inatazama kwenye televisheni. Shujaa wa hadithi ni Katniss, msichana mpiga mishale.

Mimi kilichonishika si mapanga wala mishale, ni kile chombo cha kura yanamotolewa majina ya watoto. Mtoto maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake ndani ili nyumbani wapate nafaka na mafuta kidogo. Katika filamu ya kwanza, ya 2012, kijana Gale anasema jina lake limo mara 42. Hakuna askari aliyemshika mkono, njaa imetosha. Aliyewahi kupanga foleni ya mahindi ya msaada mbele ya ofisi ya chifu hahitaji kuelezwa zaidi.

Ugomvi wetu uko kwenye filamu ya nne, ya 2015 (asiyeiona na aruke aya hii). Waasi, chini ya mama mmoja aitwaye Coin, wamefika kwenye ikulu ya Rais Snow. Vifurushi vinateremka kwa miavuli juu ya watoto waliokusanywa langoni, vinalipuka. Waganga wanakimbilia majeruhi, vinalipuka vya pili, na mdogo wake Katniss anakufa humo. Baadaye Snow mwenyewe, akiwa mfungwa, anamwambia Katniss kwamba mabomu yale hayakuwa yake. Kisha Coin, hata kiti hakijapata joto, anapendekeza michezo ile ya kuuana ifanywe mara moja tu ya mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol. Siku ya kumwua Snow hadharani, Katniss anauinua upinde na mshale unamwingia Coin.

"Hapo ndipo walipoiharibu, Ami," anasema kijana. Kwa maoni yake filamu tatu zinawapasha watu moto, ya nne inawamwagia maji: anayekuongoza kuasi ni yuleyule anayekukandamiza, basi kaa kwako. Na hoja yake ina mizizi, kwa sababu maneno hayo ndiyo watawala wanayoyapenda. Sisi tuliokua wakati wa chama kimoja tuliambiwa mara ngapi kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila?

Ana ushahidi pia. Baada ya jeshi kupindua serikali ya Thailand mwaka 2014, waandamanaji walichukua saluti ya vidole vitatu kutoka filamu hii, wakakamatwa kwa kuinyanyua. Mwaka 2021 ikawa ya Myanmar, hata balozi wa nchi hiyo akaiinua mbele ya Umoja wa Mataifa. Sidhani kama kuna aliyekuwa akimfikiria Coin. Walichukua walichohitaji, mengine wakawaachia watazamaji.

Mimi ningeweza kumjibu kwamba filamu ya kwanza peke yake iliingiza karibu dola milioni 700 kwa kutuonyesha watoto wakiuana, na kwamba sisi pale darini, tukitafuna bajia, tulifanana na watu wa Capitol kuliko watu wa wilaya. Lakini hiyo ni hoja ya kumnyamazisha mtu, si ya kumjibu. Jibu langu liko umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani.

Mnamo 1812 hivi, watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliivamia Lamu kupitia ufuko wa Shela. Wakapigwa vibaya: maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yakakwama mchangani, wakauawa hapo hapo ufukweni. Lamu wakati huo ilijiongoza kwa Yumbe, baraza la wazee, kwa shauri, haikuwa na sultani. Ushindi ule ukawatia hofu kuliko vita vyenyewe, maana Mombasa ingerudi kulipiza. Wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said wa Oman awalinde. Akaleta liwali, yaani mtawala kwa niaba yake, na askari, ngome ya Mkunguni ikakamilika 1821, na Yumbe haikupata tena neno la mwisho. Jengo lile lile likaja kuwa jela hadi 1984.

Kwa hiyo naona filamu imepatia kumshuku Coin, ila imefanya haraka. Coin anajifichua siku chache tu, na mshale mmoja unamaliza kazi. Liwali hakuja na mabomu ya miavuli. Aliitwa, akakaribishwa, akapewa kahawa. Mahali ambapo Katniss angelenga hapakuwa na mtu wa kulengwa. Na baada ya Coin filamu inatupa rais mpya, Paylor, inatuonyesha watoto wakicheza majanini, basi. Mwaka wa kwanza wa Paylor ndio ningelipia tiketi.

Kijana alinisikiliza, akamaliza bajia ya mwisho.

"Sasa Ami, wazee wangefanya nini? Wawangoje Wamazrui?"

Nikamwambia angalau wangeuliza wale askari wangekaa muda gani.

"Na wangejibiwa nini?"

Nilikuwa bado natafuta la kusema alipofunga kompyuta akateremka kuswali.