Vipindi vimegongana, au vinaingiliana?

Mwaka jana mwanangu alirudi na tangazo la shule: "Wazazi mnajulishwa kwamba muhula huu kutakuwa na mwingiliano wa vipindi vya Fizikia na Kemia." Mama yake alifurahi, akadhani walimu wawili watashirikiana kufundisha. Mimi nilidhani masomo yameunganishwa. Kumbe vipindi vyote viwili vilipangwa saa ile ile, na mtoto alipaswa kuchagua kimoja. Tulipotambua, wiki tatu za Kemia zilikuwa zimeshapita.

Neno hili limeenea mno katika maandishi ya kiofisi. Mwingiliano wa majukumu, wa mamlaka, wa tamaduni, wa dawa, wa mipaka ya vijiji. Swali langu ni kama tumepata istilahi inayotufaa, au tumepata blanketi la kufunikia mambo yasiyofanana.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kiambishi -ana kimetupa utajiri wa kutosha kueleza vitu vinavyokutana, na kila kitenzi kinasema vimekutana vipi. Anayekuta na anayekutwa, wote wawili wamekutana. Mabasi mawili kwenye barabara nyembamba yanapishana, maana kila moja limempisha mwenzake. Na mtu akisema "tumepishana", ujue mlikuwa njia moja lakini hamkuonana. Mashamba yanapakana. Mito inaungana, kama Kilombero na Luwegu zinavyoungana na kuwa Rufiji. Ratiba zinagongana. Watu wanachangiana, wanashikamana, wanasongamana.

Fundi aliyeezeka nyumba yangu hakutumia neno mwingiliano hata mara moja. Alipanda juu na kumwambia kijana wake: "La juu lilalie la chini, na pembeni lipande migongo miwili." Kijana akaweka bati likapanda mgongo mmoja tu. Fundi akamwambia aling'oe. Mvua ikija na upepo, alisema, maji yatapenya pale pale. Katika sentensi moja alikuwa ameeleza kipi kiko juu, kipi chini, na kwa kiasi gani. Ukiandika "mwingiliano wa mabati", vyote vitatu vimepotea.

Tofauti hizi zina uzito hata katika mambo makubwa kuliko paa. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na picha tunayoikumbuka ni ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa pande mbili. Kuunga na kuchanganya si kitu kimoja. Kilichoungwa hubaki na kiungo, nawe unaweza kuonyesha upande huu na upande ule. Kilichochanganywa hakitengeki tena. Naona sehemu ya ubishi wetu kuhusu muundo wa serikali imekaa katikati ya vitenzi hivyo viwili: jina linasema kuunga, picha inasema kuchanganya. Rasimu za katiba mpya za Tume ya Warioba za mwaka 2013 zilipopendekeza serikali tatu, neno shirikisho nalo likaingia mjadalani, na watu walibishana juu yake kwa ukali kwa sababu walijua lina maana yake.

Hata hivyo, wanaolitetea neno mwingiliano wana hoja, na sitaki kuipita haraka. Mara nyingi mwandishi hajui bado kama mkutano wa vitu viwili ni wa heri au wa shari. Dawa mbili zikinywewa pamoja, moja inaweza kuipa nyingine nguvu au kuidhoofisha. Mfamasia akisema "zinagongana" kabla hajachunguza, amehukumu mapema. Hapo panatakiwa neno lisiloegemea upande, na mwingiliano linafaa kabisa. Tena limeundwa kwa kanuni zetu wenyewe, kutoka ingia, ingilia, ingiliana, hatukulikopa popote.

Tatizo linaanza pale ambapo mwandishi anajua kilichotokea ila hataki kukitaja. Idara mbili zikigombea kibali kimoja, taarifa itasema kuna "mwingiliano wa majukumu", na msomaji hataambiwa nani kavuka mpaka wa nani. Wala haiwezi kusemwa kwamba hatuna nomino ya wazi kwa ajili ya nyaraka. Tunayo mgongano wa maslahi, neno ambalo limeingia kwenye sheria na kwenye magazeti na kila mtu analielewa. Tunayo msongamano, mvutano, mfungamano. Umbo ni lile lile, ila maana haijifichi.

Kwa hiyo mimi ningeliachia neno mwingiliano famasia, na utafiti ambao bado haujafika mwisho. Kwenye ratiba, mipaka na madaraka, mwandishi aseme kilichotokea. Tangazo lile la shule lilihitaji maneno machache tu: "Vipindi vya Fizikia na Kemia vimegongana. Tunatafuta saa nyingine ya Kemia." Mama yake angelielewa jioni ile ile, na asubuhi angekuwa shuleni kuuliza ni saa ngapi.